Barafu ya Samaki na Pamba Kavu

Mwaka jana nilikwenda kwa daktari wa meno nimebeba barafu ndani ya thermosi ya chai. Mitambo ya umeme ya Tshopo ilikuwa imesimama tangu juzi, friji ya kliniki imegeuka kabati, na daktari alinipigia simu asubuhi: "Mama, ukuje na barafu yako." Nikainunua kwa wauza samaki wa kando ya mto. Ilinuka samaki. Nilimkasirikia daktari, umeme na barafu yenyewe, lakini kusema kweli nilikuwa naogopa.

Magego yangu mengine ya chini yaling'olewa yote. Lilibaki hili la kulia. Miezi sita nyuma daktari huyu alikata sehemu ya juu ya neva iliyooza, akaiacha ile ya mizizini ikiwa hai, akaliziba jino. Sasa alitaka kujua kama bado iko hai. Kliniki ile haisafishi mizizi; neva ikifa, kinachofuata ni koleo.

"Ukisikia baridi, nyanyua mukono."

Akashika kipande cha barafu kwa kibanio, akakigusisha kwenye gego. Nikasubiri. Sikusikia kitu. Kimya kile kilinitisha kuliko maumivu. Na sisi tumezoea kumjibu daktari kinachomfurahisha. Akiuliza kama tunaendelea vizuri, tunasema ndiyo, dokta, huku homa inatutetemesha. Nikainua mkono.

"Bon." Akageukia meza yake, kisha akagusa tena. Nikauinua tena, haraka zaidi.

Akanionyesha kibanio. "Mama, hii haiko barafu. Iko pamba kavu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hakunigombeza, na hilo lilinikera zaidi.

"Neva nilishaikata kichwa, donc jino inaweza kunyamaza na iko nzima. Kama husikii baridi, hiyo hainitishi. Nikigonga na ikauma, pale ndiyo ya kuogopa, neva iko inakufa. Na machine ya picha iko inangoja courant ya umeme, sina kitu ingine ya kuniambia. Alors, usinidanganye tena."

"Sitadanganya, dokta."

Akageuza kioo chake kidogo, akagonga gego kwa mpini. Maumivu yalipita kwenye taya yakaingia sikioni. Nilikuwa nimeweka mkono pajani. Niliuacha pajani.

Akagonga mara ya pili, akinitazama. Nikamtazama nami, sikupepesa macho.

"Sasa uko unasema kweli," alisema. Aliridhika kabisa, maskini, akaandika kwenye fishi yangu ya matibabu kwamba jino ni zima, nirudi baada ya miezi sita.

Nikamshukuru, nikachukua thermosi yangu. Kwenye ngazi za nje nikayakutanisha meno taratibu, kujaribu tu, na nikalazimika kushika ukuta.