Usajili wa Kihara Asiye Yule

Kihara ni fundi wa sofa kando ya Ngong Road, karibu na Adams Arcade, na kwa misimu mitatu amekuwa pia mshambuliaji wa klabu ninayoishabikia, Radi FC. Usishtuke. Yeye mwenyewe bado anashtuka. Ni mtu mpole, mrefu, mwenye gundi kwenye kucha, na tangu aje kwetu hajafunga bao hata kwa bahati mbaya.

Mtafuta vipaji wetu, Ogutu, alikuwa amekwenda Kinoo kutazama mechi, akamwona kijana aitwaye Kihara akiwachambua mabeki kama karanga. Akapeleka jina kwa mwenyekiti, Lazarus. Lazarus, ambaye hapendi picha ipigwe bila yeye, akaenda kumsajili mwenyewe.

Sasa, Wakikuyu humpa mwana wa kwanza wa kiume jina la babu. Ndugu wawili wakipata wana, tayari boma lina akina Kihara wawili. Hao mabinamu wenyewe huitana “majina”. Nyanya yao, Mwihaki, ambaye wao humwita Shosho, alipoulizwa Kihara yuko wapi, hakufikiri mara mbili. Wageni wote wanaomtafuta Kihara pale kwake huwa ni wateja waliochoka kungoja sofa. Akamwelekeza Lazarus kwa fundi. Fundi naye alikuwa beki wa timu ya kanisa, akadhani maombi yamejibiwa, akatia sahihi.

Ogutu alipomwona mazoezini, alimvuta mwenyekiti kando.

“Mkubwa, huyu si ule Kihara.”

“Na picha nishaweka mtandaoni! Wachana na hiyo stori. Tutasema ni usajili wa muda mrefu.”

Ogutu akafyata mdomo. Na muda umekuwa mrefu kweli.

Siwezi kuwanyima viongozi wetu sifa yao: Radi ina sera isiyoyumba. Anayefunga mabao anauzwa, asiyefunga anaitwa mustakabali wa klabu. Tumeuza winga, tumeuza kipa, na beki wetu wa kushoto tulimtoa bure, pengine kwa ukarimu tu. Kila dirisha la usajili Lazarus hutuomba subira kwa sababu timu inajengwa. Mimi huuza vipuri vya simu Ngara, na mtu akinifungulia simu nzima akaacha kava tu, siiti hiyo ukarabati. Kihara peke yake ndiye hakuuzwa, maana hakuna klabu iliyowahi kumuulizia. Mashabiki wenzangu humzomea. Mimi hasira yangu nimewawekea wenye suti.

Msimu huu tulishuka daraja. Ogutu akafutwa kazi, eti ndiye aliyeharibu sera. Akiwa hana tena cha kuogopa, alipita kwa fundi akamweleza yote. Kihara aliacha sofa ya watu bila mgongo, akaniomba mimi, shabiki asiyemzomea, nimsindikize hadi Karen, ambako binamu yake hukata nyasi kwenye majumba makubwa. Alitaka kumrudisha uwanjani, mahali palipokuwa pake. Aliogopa kwenda peke yake.

Tulimkuta nyuma ya mashine.

“Sasa, majina?” fundi alisema.

“Poa. Shosho ako sawa?”

“Ako sawa. Sikia. Wale watu wa Radi hawakuwa wanakuja juu yangu. Walikuwa wanakutafuta wewe.”

Binamu akazima mashine. “Mimi?”

“Wewe. Shosho alidhani ni kastoma wa sofa.”

Nilicheka. Nikaona nacheka peke yangu.

“Niliona ile picha yako na jezi,” binamu alisema polepole. “Nikajiambia, kama walikuja Kinoo wakaniona nikicheza, halafu wakaenda wakachukua fundi wa sofa, basi mimi mpira sijui. Nikapeana njumu zangu. Sijawahi cheza tena.”

“Ulikuwa unajua, majina. Unajua kuliko mimi, mbali sana. Rudi tu, nitaongea na wao.”

“Nirudi na hii tumbo?” Alijishika, kisha akamtazama fundi machoni. “Kwa hivyo nilikuwa mzuri?”

“Ulikuwa mzuri.”

“Na hii miaka yote, hakuna mtu angeniambia tu?”

Fundi akaanza kulia, na mimi, bingwa wa kubishana juu ya Radi, nikaanza kukusanya nyasi zilizokatwa.