Nilimwaga Zege Juu ya Kaburi la Mtoto wa Haboba

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana Koboko ni mji mdogo na wengi wananijua kwa vitenge vyangu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nina mume na watoto watatu, naishi Mvara hapa Arua na nina meza sokoni. Mume wangu ni dereva wa lori la Juba, anakaa huko wiki tatu, nyumbani siku nne. Siku hizi siwezi kutulia mahali pamoja. Mteja yuko katikati ya kuchagua kitambaa, mimi namwachia jirani meza, napanda gari mpaka Koboko, naizunguka nyumba yangu mara mbili, halafu narudi Arua bila kufanya lolote. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Tangu Arua iwe jiji, ardhi yake haishikiki kwa watu wa kipato chetu. Kwa hiyo tulitafuta ploti Koboko, tukapata kipande upande wa Abuku, karibu na barabara, kwa mzee mmoja wa hapo. Wanawe walitia sahihi, mwenyekiti wa kijiji akapiga muhuri. Mke wa mzee hakuulizwa na mtu. Ni bibi mzee, sote tunamwita haboba, kama wengi wetu hapa tunavyowaita nyanya zetu. Siku ya kupima alikuja polepole, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kona ya chini, palipokuwa na mawe matatu katikati ya mihogo.

“Binti yangu,” akasema, “hapa iko mtoto yangu. Sisi natoka Sudan kwa miguu, yeye iko na homa. Siku tulifika nyumbani, yeye alikufa. Wewe jenga, mimi hapana kataa. Acha hii kona tu.”

Nikamjibu, “Sawa haboba, nitaiacha.” Siku ile nilisema kwa moyo safi, Mungu anajua.

Fundi alipochora msingi, ndipo nikaona ploti ni nyembamba. Tukiiacha kona, tunapata vyumba vitatu vya kupangisha. Mimi nilikuwa nimekopa kwenye chama chetu cha akina mama kwa hesabu ya vyumba vinne. Nilihangaika wiki nzima. Wiki hiyo hiyo haboba akaenda Yumbe kumzika dada yake, nikasikia atakaa mpaka arobaini ipite. Nikampigia fundi simu, nikamwambia aanze na chumba cha mwisho.

Nilikuwepo mwenyewe. Fundi aliyaona mawe akauliza, “Mama, hii si kaburi?”

“Ni mawe tu,” nikasema.

Akanitazama, akavua kofia, akayabeba mwenyewe moja moja, hakumruhusu kibarua ayaguse. Hatukuchimba sana kona ile, lakini kufikia alasiri ilikuwa imefunikwa zege. Na sikuishia hapo. Siku chache kabla haboba hajarudi, niliyachukua mawe yale matatu, nikayapanga nyuma ya ukuta, hatua tano kutoka mahali pake. Aliporudi nikamwonyesha: “Haboba, kona yako hii hapa, sikuigusa.”

Aliangalia mawe, akaangalia ukuta, akaangalia tena mawe. Halafu akasema asante, akaniombea baraka kwa watoto wangu. Tangu siku hiyo kila Ijumaa anakwenda pale nyuma na kibuyu, anamwagia maji udongo ambao hauna mtu, anaomba dua. Nimemwona kwa macho yangu mara mbili. Mara ya pili nilijificha kwa jirani.

Sasa nyumba imekwisha. Mwezi uliopita mume wangu alipata mfanyabiashara wa mpakani anayetaka vyumba vyote vinne viwe stoo, mwaka mzima. Mume wangu amefurahi sana, ameshampa neno lake, na bidhaa zinaingia Jumatatu. Lakini juzi haboba, ambaye hata soko la Koboko haendi siku hizi, alishuka kwenye gari hapa Arua akaulizia meza yangu mpaka akaipata. Nikampa kiti na chai. Alikuwa ameniletea simsim kwenye kitambaa.

“Binti, mimi nataka panga chumba yako,” akasema. “Ile ya mwisho. Mimi nitalipa kidogo kidogo.”

Nikamwambia, “Haboba, wewe una nyumba yako pale pale. Chumba cha nini?”

Akanywa chai. “Ile siku nyumba haikuwa na mlango bado, mimi naingia pale kukimbia jua kali. Pale nje kwa mawe, mimi naomba, roho haikai. Ndani ya hii chumba, mimi nakaa tu, roho inakaa. Mimi hapana jua sababu.”

Nilishindwa kumtazama. Nikasema nitazungumza na baba watoto. Nilipompigia mume wangu, akasema, “Mtu amechukua vyumba vinne, wewe unataka kumpa vitatu kwa ajili ya bibi mwenye nyumba yake? Au kuna kitu unanificha?” Nikasema hakuna. Hajui habari ya kaburi; kwamba liko chini ya zege tunajua mimi na fundi tu.

Nikisema ukweli, wana wa haboba wanaweza kuufunga mlango wa nyumba nzima, na sitawalaumu. Mkopo bado uko shingoni, na mume wangu atajua ameishi na mtu wa namna gani. Nikimpa chumba na kunyamaza, atakaa juu ya mtoto wake huku akienda kumwagia maji mahali pengine, nami nitakuwa nimemdanganya mpaka siku atakapokufa. Nikimnyima, magunia ya mtu yatalala pale.

Ufunguo wa chumba hicho ninao mfukoni ninapoandika. Jumatatu ni keshokutwa. Ninyi mliowahi kuzika mtoto, semeni nami bila kunionea huruma: kama mngekuwa yeye, mngetaka niwaambie, au mngetaka ufunguo tu?