Kadi za Programu Zilizosafiri kwa Treni

Nilirudi Tabora kutoka Dar es Salaam nikiwa nimefundishwa kuandika programu za kompyuta, wakati mji wetu haukuwa na kompyuta hata moja. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, nami nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo. Nilitakiwa kuandika programu ya kujumlisha ng'ombe wa kila kijiji, ili tujue chanjo ipelekwe wapi na kiasi gani. Niliitoboa kwa mashine ya mkono kwenye kadi ngumu, kila mstari kadi yake, kisha kadi zikapakiwa kwenye treni kwenda Dar, iliko kompyuta.

Safari ya kwanza boksi lilipasuka njiani. Mwendesha mashine wa kule, mama niliyemjua kwa barua tu, aliniandikia kwamba kadi zimevurugika na nyingine zimepinda kwa unyevu. Safari ya pili zilifika salama, lakini programu ikagoma. Ilitegemea kipande kingine cha programu, cha kupanga majina ya vijiji, nilichojua kipo kule kule Dar. Kumbe wenzetu wa kule walikuwa wamekibadilisha. Yule mama angeweza kunirudishia kadi na kunyamaza. Badala yake alikitafuta kipande cha zamani, akaninakilia kadi kwa kadi, akakituma na barua fupi: "Mdogo wangu, usitegemee kilichopo huku. Funga pamoja kila kitu programu inachohitaji."

Nikaenda mtaa wa Kanyenye kutafuta sanduku imara, kwa fundi seremala aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akazipapasa kadi na kuuliza zinafanya nini. Nilimweleza kwamba moja tu ikihama mahali pake, kazi yote imeharibika. Alinitengenezea sanduku la mbao ngumu za mninga, akaziba maungio kwa nta. Siku ya kulichukua aliniomba nizipange kadi humo kwa mfuatano wake, zangu pamoja na zile za kipande cha zamani. Kisha akachukua penseli na rula, akachora mstari mmoja wa mshazari juu ya kingo zake zote.

"Ndivyo ninavyofanya na mbao za kabati," alisema. "Kadi ikihama, binti yangu, mstari utakatika. Utaiona bila kuisoma."

Kule Dar nilikosomea hakuna aliyekuwa amenifundisha hilo, nikamwambia hivyo. Alitabasamu tu, akaendelea kupiga randa.

Sanduku lilifika kavu. Mama wa Dar aliandika kwamba alipokuwa akizitoa kadi mkono uliteleza, zikamwagika sakafuni. Akaufuata mstari, na chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza kuzipanga. Safari hii programu ilikwenda hadi mwisho.

Orodha ya ng'ombe iliporudi kutoka Dar, nilifuatana na wachanjaji hadi kijiji cha Ziba. Dawa ilitosha. Mfugaji mmoja mzee alinishika mkono akinishukuru, nami nikamwambia shukrani hizo si zangu peke yangu, nikaanza kumweleza habari za seremala na za mama wa Dar. Sidhani kama alinielewa vizuri, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza niletewe mtindi.