Vidonge Kumi na Viwili vya Ziwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikaa kwa bibi yangu kijijini Kamanga, ng'ambo ya mji wa Mwanza, na katazo lake kubwa lilikuwa moja: nisikojoe ziwani. Ziwa lina wenyewe, alisema, na anayewakojolea watamrudishia mkojo wake ukiwa moto. Siku moja, nikiwa ndani ya maji hadi kifuani, niliona uvivu kutoka. Siku nne baadaye mkojo ulinichoma hata nikang'ata pindo la gauni.

Leo najua ugonjwa huo hautokani na kukojoa ziwani. Wakati ule nilijua nimekamatwa. Nikaacha kunywa maji ili nisiende chooni, na hali ikazidi. Bibi aliponiona natoka chooni na machozi kwa mara ya tatu asubuhi moja, hakuuliza sana. Alinipeleka zahanati.

Muuguzi alipima mkojo, akauliza kama kuna dawa iliyowahi kunitoa vipele, kisha akatupa bahasha ya kaki yenye vidonge ishirini na kimoja, vile ambavyo kwetu vinaitwa rangi mbili, nusu nyekundu na nusu nyeusi. Juu yake aliandika 1 x 3, siku 7. Bibi hakujua kusoma, akanipa mimi.

"Moja mara tatu ni tatu," nikasoma kwa fahari.

"Hiyo siyo hesabu ya darasani, ungevimeza vyote vitatu kwa mkupuo," muuguzi alisema. "Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Kizima, usikifungue, na maji ya kutosha. Hata ukijisikia umepona kesho, umalize."

Jioni ya siku ya tatu maumivu yaliisha. Badala ya kufurahi niliogopa. Kama wenyewe wamenisamehe, nilifikiri, basi nawadai shukrani. Bibi akisamehewa na jirani haendi kwake mikono mitupu. Sikuwa na kitu changu isipokuwa vidonge. Asubuhi ya siku ya nne nilikwenda ufukweni na bahasha, nikavitupa kimoja kimoja nikihesabu. Vilikuwa kumi na viwili. Havikuzama. Vilielea juu ya maji kama wadudu wa rangi, nami nikasimama nikisubiri vipokewe.

Siku zilizofuata nilikuwa nakunywa maji mbele ya bibi, nimefumba ngumi isiyo na kitu.

Siku ya nane nilishikwa na homa, nikatapika, na mgongo ukauma chini ya mbavu. Bibi aliwaambia majirani kwamba ziwa limekataa kunisamehe. Wakakubaliana anipeleke kwa mzee mmoja wa kijiji cha pili, anayejua kuwatuliza wenyewe kwa kuku mweupe. Nililala mkekani nikiwasikiliza. Nikinyamaza, nitapelekwa kwa mzee. Nikisema, bibi atajua nimemdanganya siku nne nzima.

Nikasema.

Bibi alikunja na kukunjua kanga yake. Halafu akaniita kama alivyozoea kunitania.

"Mke mwenzangu, ziwa haliumwi. Mgonjwa ni wewe."

Kuku alibaki bandani. Tulivuka kwa kivuko kilichofuata, na hospitali mjini walisema ugonjwa umepanda hadi kwenye figo. Nilichomwa sindano siku tano.

Sasa ninaishi Buhongwa, na wiki hii nina bahasha yangu mwenyewe, kwa ugonjwa uleule. Kila kidonge nimekiandikia saa yake kwenye daftari. Jana mwenzangu wa chumba aliomba nimwachie viwili, maana naye anahisi kuchomwa. Nilimkatalia, nikamwambia akapime kwanza. Alininunia. Najua naonekana mtu wa wasiwasi.

Bibi hayupo tena. Hakuacha kuamini kwamba ziwa lina wenyewe, na mimi hadi leo siwezi kukojoa mle. Lakini siku ile, kati ya alichokiogopa maisha yake yote na maneno ya mtoto aliyekwisha kumdanganya, aliniamini mimi. Nimechelewa sana kuelewa ukubwa wa jambo hilo.

Leo ni asubuhi ya siku ya nne. Siumwi popote. Nimevimwaga kiganjani kuvihesabu: vimebaki kumi na viwili. Namimina maji, nameza cha kwanza.