Fundo la Mzee Halikulegea

Nimekosa, na leo nalisema mbele ya watu kwa sababu mbele ya anayestahili kuambiwa mdomo umenikataa. Mnitukane mkitaka. Mimi nimeshajitukana vya kutosha.

Nimeolewa huku Chekalini, na naishi boma moja na baba mkwe wangu. Mume wangu hufanya kazi mbali, huja mwisho wa mwezi. Mama mkwe alipofariki alimwachia Mzee paka dume wa rangi ya jivu, jina lake Hakimu. Alipewa jina hilo kwa jinsi alivyokutazama, kana kwamba umeletwa mbele yake na kesi!

Hakimu alichanwa tumbo na seng'enge akifukuza panya kwenye stoo ya mahindi. Daktari wa mifugo akamshona, akasema avae kola, ile pana ya kuzingira kichwa, siku kumi asije akalamba kidonda. Kola aliyokuwa nayo daktari ilikuwa ya mbwa, kubwa mno. Basi Mzee akakata mtungi wa mafuta ya kupikia, akamtengenezea yake, akaifunga kwa kamba aliyoitoa kwenye kiatu chake cha kanisani.

Yule paka alikuwa na akili kutushinda sote, jamani! Siku ya kwanza aliivua kola kabla chai haijachemka. Alirudi kinyumenyume mpaka ikanasa kwenye mguu wa kiti, akachomoa kichwa, akaketi kando yake akitutazama. Siku ya pili alijifanya amelala. Mzee alipogeuka tu, mguu wa nyuma ukaingia chini ya kamba. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu amzike mkewe sikuwa nimemsikia akicheka.

"Ngoja," akasema. "Mimi nimefunga maksai ya kijiji hii yote. Paka itanishinda?"

Akafunga lile fundo lake la maksai. Hakimu akahangaika mchana kutwa, akanywea. Siku nne kola haikutoka! Mzee akawa anawaita wapita njia waje waone.

Hapo ndipo aibu iliponishika, tena aibu ya kijinga. Jirani yangu, Mama Beti, alinivuta kando baada ya ibada.

"Hiyo paka yenu inavaanga nini kwa shingo? Watu wanasema mnafuganga vitu."

Vitu, yaani uchawi. Na Jumatano akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kuomba nyumbani kwangu!

Jumatano yenyewe Mzee akaenda Mautuma kumwona dada yake. Alisimama langoni akaniagiza, "Mama, uniangalilie Hakimu." Nikamjibu, "Sawa, Baba."

Alipopotea tu, nikaifungua ile kola, ili hata paka akiponyoka wageni wasimwone nayo. Fundo lilikuwa gumu, nilihangaika nalo kwa ncha ya uma. Nikamfungia Hakimu stoo, nikajiambia ni saa moja tu. Wageni wakaja, tukaimba, tukaomba, chai ikanywewa, kisha mvua ikawazuia. Mimi nikawa nacheka nao. Nilipofungua stoo, nyuzi zote zilikuwa zimetoka. Alikuwa amelala juu ya gunia, damu kila mahali.

Nikasikia lango. Mzee amerudi.

Mungu anisamehe kwa nililofanya. Nilikimbia nikachukua kola, nikaitupa kando ya paka, kamba inaning'inia.

"Imejifungua, Baba," nikasema. "Si unajua huyu paka ni mjanja."

Mzee akaokota ile kamba, akaigeuzageuza. Akasema polepole, "Hapana. Si ujanja yake. Ni mikono yangu imeisha."

Ningesema pale pale! Neno moja tu! Sikusema.

Daktari alimshona tena, lakini kidonda kikaingia usaha, na Jumamosi Hakimu akafa. Mzee alimzika mwenyewe nyuma ya stoo, hakutaka kusaidiwa.

Tangu siku hiyo Mzee hafungi kitu. Ndama hufungwa na jirani. Mlango wa banda huuegesha tu. Mume wangu alipomuuliza, alijibu, "Nisije nikaua kingine." Nilikuwa nasonga ugali, machozi yakadondokea jikoni.

Nimekuwa nikijificha nyuma ya heshima. Kwetu mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe, hata mkono hatupeani, basi najiambia, nitasimamaje mbele yake na maneno kama haya? Uongo mtupu! Siku ya kumdanganya nilisimama mbele yake vizuri sana. Na ningeweza kumtuma mume wangu. Sijamtuma.

Sasa kila Jumapili Mzee huacha viatu vyake mlangoni. Mimi huvifunga kwanza, kisha yeye husukuma miguu ndani, akitelezesha kisigino kwa kijiko. Kamba ya kiatu cha kulia ni ile ile, niliifua damu nikairudisha. Na kila Jumapili huniambia kutoka ndani, "Asante, mama. Wewe ndio unajuanga kufunga."

Ninyi mnaoogopa midomo ya wageni, nitazameni. Wageni wangu walikunywa chai wakaenda zao, hakuna hata mmoja aliyeuliza paka yuko wapi. Ukikosa, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajalibeba kosa lako akadhani ni lake. Ukichelewa utaanza kupewa asante, na hiyo asante haimezeki.

Kesho ni Jumapili. Viatu vishawekwa mlangoni.