Mgawa Maji Anyweshe Lake Mwisho

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, nayo ni ile waliyonikabidhi kazi ya kugawa maji ya mfereji wetu huku Singe. Nilikuwa kijana. Shule niliishia darasa la nne, lakini mdomo nilikuwa nao. Nakuandikia kwa sababu nasikia umeingia kwenye kamati ya maji na unataka kumfukuza mwenyekiti. Ngoja kwanza.

Mgawa maji anafungua maji yaingie shambani kwa mtu zamu yake ikifika, ikiisha anafunga. Wa kwanza kutuumiza alikuwa Yakobo. Namtaja, maana alituharibia vya kutosha. Maji aliwapa ndugu zake walioko juu, sisi tukabaki na tope. Nilipiga kelele mkutanoni mpaka akatolewa. Akaingia Gwandu, mtu wa kwaya, mpole. Msimu haujaisha, maji yakawa ya shemeji zake. Nikapiga kelele tena. Watu wakachoka na mimi, wakasema haya, shika wewe.

Nikashika. Wiki ya pili tu akaja Baso, kaka wa mke wangu.

"Shemeji, saa moja tu, nyanya zinakufa."

Nikampa. Kesho yake akaja mwingine, naye nilishakula kwake. Na shamba langu, sikufichi, lilikuwa linakunywa kila nilipopita.

Mwisho kabisa wa mfereji alilima Mama Theresia, mjane. Maharage yake ndiyo yalikuwa chakula cha wanawe watatu, hana kingine. Akanikuta nimesimama katikati ya kabichi zangu zilizonona. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Yakobo alikuwa ananiambia kesho. Gwandu akaniambia keshokutwa. Wewe Baba Neema utaniambia lini, nijue siku ya kung'oa?"

Nikajitetea, nikamtaja Baso. Akacheka, cheko la kuumiza.

"Baso ndiye mgawa maji? Mnabadilisha watu kama mashati, kazi mnaiacha vilevile. Anayegawa anyweshe shamba lake mwisho, baada yangu mimi. Tuone kama atasinzia."

Siku ileile nilifunga maji ya Baso, nikayashusha mpaka kwa Mama Theresia. Nusu ya maharage ilipona. Kwenye mkutano nilipotoa wazo lake, wanaume walicheka. "Nani atakubali kazi hiyo?" Nikasema mimi.

Mwanangu, nilikiona. Msimu wa kwanza kabichi zangu zilinyauka, mke wangu akaniuliza kama nimeoa mfereji. Baso alinitukana mbele ya watoto, na mpaka leo salamu yake ni ya kulazimisha. Lakini kila aliyeiba maji aliiba yangu, kwa hiyo nilimfuata mpaka mlangoni kwake. Ilituchukua misimu mitatu watu kuzoea. Nilipoachia kazi, aliyenifuata hakuwa mtu mwema kuliko Yakobo, nakwambia kweli, ila maji yalifika chini, maana naye alikuwa akisubiri yafike ndipo apate yake.

Bado wapo wanaochepusha. Juzi tu nimemfukuza mmoja, mtoto wa Gwandu. Sijui kama itaisha kabisa. Lakini ukishuka leo mpaka mwisho wa mfereji utakuta maharage yametoa maua, na mimi roho yangu imetulia.

Basi ninachokuusia ni hiki. Mwenyekiti akistahili kutoka, atoke. Ila kabla hujamtoa, kaa na wale ambao maji hayawafikii, uwaulize sheria gani ingewafikishia. Kisha wewe uwe wa kwanza kubanwa nayo, na shemeji zako pia, hata wakikununia. Usitegemee kushukuriwa, na usiache kwa sababu imechukua muda.

Mungu akupe mgongo mgumu na moyo usiokuwa na uchungu kama wangu wa zamani. Akujalie uzeeke ukiwa unaamkiwa na watu wa juu na wa chini, na watoto wako wale washibe.