Mama, Zima Redio Kwanza

Ukimuuliza mamake Wamucii binti yake anafanya kazi gani, atakwambia yuko redioni, na kifua kitamjaa. Zaidi ya hapo hajui, wala Wamucii hajawahi kumweleza. Utamwelezaje mzazi aliyekusomesha kwa kuuza sukuma wiki kwamba kazi yako ni kunyamazisha watu?

Maana ndiyo kazi yenyewe. Pale studioni Kilimani, Oduor anaendesha kipindi cha asubuhi ambapo wasikilizaji hupiga simu kutoa dukuduku zao. Sauti zao haziendi hewani papo hapo, zinacheleweshwa sekunde chache, na katika sekunde hizo Wamucii anakaa nyuma ya kioo, kidole juu ya kitufe. Mtu akitukana, anabonyeza. Akichochea kabila moja dhidi ya jingine, anabonyeza. Akimtaja mtu kwa jina na kumwita mwizi, anabonyeza pia, na tangazo la biashara linaingia. Sasa, mpigaji akiacha redio yake ikiwaka, sauti yake inamrudia baadaye na kumchanganya, ndiyo sababu Oduor humwambia kila mmoja azime redio kwanza. Wanazima. Kwa hiyo aliyekatwa hajui kwamba amekatwa. Anaongea weee, anashukuru, anakiombea kituo baraka, anaweka simu chini roho imetulia. Jambo hilo lilimkera Wamucii tangu alipoajiriwa, na mpaka leo linamkera.

Sheria ya majina ilitiliwa mkazo na Reshma, wakili wa kituo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Reshma si mtu mbaya. Kituo kiliwahi kupelekwa mbele ya tume ya malalamiko na mwenye shule aliyeitwa mla karo hewani bila kuulizwa neno, na kikalazimika kuomba radhi. Tangu siku hiyo, anayelaumiwa lazima apewe nafasi ya kujibu, la sivyo jina lake halitoki. Ni haki, nani atabisha? Lakini mwanasiasa akija, anaweka "inadaiwa" mbele ya kila tusi, anamrarua mwenzake saa nzima, na kitufe hakiguswi. Mama mboga hana hiyo "inadaiwa". Yeye anamjua aliyemuumiza, anamtaja, anakatwa. Sheria ni moja, lakini jamani!

Na mamake, huko Kinoo, alikuwa ameumizwa. Jirani aitwaye Mbugua alisimamisha ghorofa upande wa juu wa shamba la mboga la mama huyo, kisha maji taka yote yakaelekezwa humo. Uvumi ukaenea kwamba mama huyu ananyunyizia mboga maji ya choo kwa kupenda kwake. Wateja wakahama. Alienda ofisi za kaunti mpaka bawabu akamzoea. Mwishowe akamwomba binti yake amsaidie redioni, watu wajue makosa si yake.

Wamucii akafuata njia halali. Alimpa mhariri habari hiyo, mhariri akamtafuta Mbugua ili ajieleze, Mbugua akakaa kimya, na Reshma akasema wangoje ajibu. Sasa mtu asiyetaka kujibu atajibu lini? Wakangoja. Maji taka hayakungoja.

Mama akachoka. Bila kumwambia Wamucii, aliwaalika wanawake wenzake wa kanisani, kuanzia rafiki yake Everlyn, wafungue redio asubuhi ya Jumanne. Kisha akapiga simu.

Wamucii aliitambua sauti kabla salamu haijaisha. Oduor akamwambia mama azime redio kwanza, naye akazima. Halafu hakuzunguka: mimi ni mama wa Kinoo, mtu ananimaliza anaitwa Mbugua, ananimwagia choo shambani na watu wa kaunti amewahonga. Jina lilitangulia kwa sababu kwake hilo jina ndilo lililokuwa shida yenyewe.

Sekunde hizo chache Wamucii aliziona zikipita. Aliwaza kodi ya nyumba yake Kabiria, akawaza ile tume. Kidole kikabonyeza. Hewani likaingia tangazo la rangi za nyumba.

Mama akaendelea. Aliongea vizuri ajabu, pole pole, kama mtu aliyefanya mazoezi, na waliomsikia ni wawili tu. Oduor, ambaye hakujua huyo ni mama wa nani, alimwacha amalize kwa adabu. Akamaliza kwa kumwombea kila mfanyakazi wa kituo hicho.

Jioni Wamucii alienda Kinoo, akamkuta mamake amevimba kwa hasira. Aliposhuka dukani alikuwa amechekwa: eti uliita mtaa mzima tusikize tangazo la rangi? Everlyn naye aliapa kwamba hakusikia lolote la maana. Mama akaamua kwamba Mbugua amewahonga wote, hata Everlyn waliyezika naye waume. Walikuwa wametupiana maneno mazito langoni.

"Wewe uko huko ndani," akasema. "Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema, mama. Nilikusikia."

"Na mbona wao hawakusikia?"

Wamucii angeweza kusingizia mitambo. Alitamani sana. "Nilikukata," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Akaeleza yote, kitufe, tume, haki ya kujibu. Mama alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja, na hilo lilimuuma Wamucii kuliko kofi. Kisha akachukua leso yake akajifunga.

"Twende kwa Everlyn. Utamwambia yale nilisema. Yote."

Wakaenda. Everlyn akafungua mlango, uso umekunjamana. Wamucii akasimama pale barazani, akakiri kwamba asubuhi ni yeye aliyemkata mamake hewani, kisha akaanza: harufu, wateja, kaunti. Alipofika kwa mwenye ghorofa, "inadaiwa" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaimeza. Akalitaja jina la Mbugua waziwazi, na ya hongo pia, mpaka wapangaji wa jirani wakachungulia.

Everlyn akamshika mkono rafiki yake, machozi yakimlengalenga. Halafu akamgeukia Wamucii.

"Kumbe unaweza kuyasema," akasema. "Na asubuhi ulikuwa na nini?"